Moteri inachemka, lakini ugonjwa uko ndani ya waya

Mwezi wa tisa, kisha posti ya asubuhi, mwenzetu mmoja aliingia kwenye biro yetu ya sandika na karatasi mkononi. Yeye ni shofere wa benne kubwa kwenye karieri, baba wa watoto wanne. Karatasi ilikuwa ya kuomba avansi ya mshahara, dola 600. Alitaka delege atie saini pembeni, ili wakubwa wa kazi wasimkatalie.

Tukamuuliza: "Ni ya ugonjwa ao ya masomo ya watoto?"

Akajibu: "Ni ya moteri."

Wengi wenu munajua hadithi ya namna hii. Mke wake iko na Toyota Corolla ya miaka ya 90, volani mkono wa kuume, ile iliyoingia kwa njia ya Zambia. Waliinunua pole pole kwa akiba ya miaka sita. Kijana mmoja anaiendesha taksi kati ya Kapata na mjini Kolwezi. Franga ya ile taksi ndiyo inalipa shule, na mwezi ambao mshahara umekawia, ndiyo inanunua unga. Sasa motokari inachemka kila siku. Garaji tatu zilishaiona. Fundi wa kwanza alitoa termostati akaitupa. Wa pili alisema vantilatere imekufa, wakanunua ingine ya okazio. Wa tatu alifungua kapo, akaweka mkono juu ya moteri, akasema: "Baba, hii moteri ilishakufwa. Tafuta ingine."

Sisi hatukutia saini mara moja. Tulimuuliza neno lile tunalouliza kila siku kwa wakubwa wa kazi wanapotuambia eti vumbi si nyingi ao hewa ya chini ni nzuri: nani alipima, na alipima na chombo gani?

Akanyamaza. Kwa garaji zote tatu, hakuna mtu aliyepima.

Kati yetu kuko fundi wa umeme wa mine, kazi yake ni mapompi na vantilatere kubwa. Siku ya mungu kisha misa tulikwenda naye kwa huyu mwenzetu. Tunaandika hapa yote tuliyofanya, hatua kwa hatua, juu familia nyingi za wafanyakazi ziko na motokari moja kama hii. Wakati wa départs volontaires ya mwaka wa 2003, na kisha pale, wazee wengi walitia pesa yao ya mwisho ndani ya taksi. Taksi ikikufa, pesa ya miaka makumi mbili ya kazi imekufa nayo.

Juu ya nini vantilatere?

Moteri inachoma mafuta, joto linaingia ndani ya maji, pompi inasukuma maji mpaka kwenye radiatere, upepo unapita pale na kuondoa joto. Motokari ikitembea kilometri 60 kwa saa, upepo wa njia unatosha, vantilatere inaweza kulala. Lakini motokari ikisimama nyuma ya msururu wa makamyo ya minerai, upepo wa njia hakuna tena. Pale paka vantilatere inabaki kufanya kazi. Isipogeuka, joto linapanda katika dakika chache.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza shofere ni hili: inachemka wapi? Kama inachemka ikisimama, na kwenye njia kubwa inarudia hali yake, tazama upande wa vantilatere. Kama inachemka ikikimbia ao ikipanda kilima na mzigo, ugonjwa uko zaidi upande wa maji: radiatere iliyoziba, pompi, termostati iliyokwama, ao joini ya kulasi. Yule kijana wa taksi alitujibu bila kufikiri: "Kwenye barabara ya Likasi haina matata. Ni paka kwenye ambuteyazhi." Jibu lile peke yake lilikuwa na bei kuliko maneno ya garaji tatu.

Jambo lingine linatugusa sisi watu wa juu. Kolwezi iko zaidi ya metri 1.400 juu ya bahari, Lubumbashi zaidi ya metri 1.200. Kwenye usawa wa bahari maji yanachemka kwa digri 100. Hapa Kolwezi, ndani ya sufuria ya mama, yanachemka karibu na digri 95. Na vantilatere ya Corolla hii inaanza kugeuka karibu na digri 93! Tofauti ni ndogo sana. Kinachotuokoa ni kifuniko cha radiatere, chenye kufunga presha ndani: na presha ile, maji yanaweza kupita digri 110 bila kuchemka. Kwa hiyo kifuniko cha mpira uliopasuka, ama kile cha plastiki cha kufunga na kamba, kinaweza kufanya moteri itoe mvuke hata kama vantilatere ni nzima. Angalieni kifuniko mbele ya kuangalia umeme.

Usalama kwanza, kama kwenye mine

Kwenye kazi hatuingizi mkono ndani ya mashine mpaka umeme umekatwa, kufuli imefungwa na ufunguo uko ndani ya mfuko wa yule anayetengeneza. Kwenye motokari ni vilevile.

Motokari nyingi za Ulaya, vantilatere inaweza kuanza yenyewe hata ufunguo ukiwa nyumbani, juu umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye batri. Kidole hakiwezi kushindana nayo. Ondoeni shali, kamba ya kofia, na kwa akina mama, kazeni kikwembe. Pete na saa ya chuma viwekwe mbali: pete ikigusa waya ya batri na chuma ya karosri inakuwa nyekundu ikingali kidoleni. Na kifuniko cha radiatere hakifunguliwe moteri ikiwa ya moto. Tunajua nyumba ambamo mtoto alichomeka uso akimsaidia baba yake. Ngojeeni mpaka muweze kushika dirita ya juu kwa mkono bila kuutoa.

Vyombo vyetu

Hatukuwa na mashine ya bei kali. Tulikuwa na vitu vine.

Cha kwanza ni lampi ya kupimia: lampi ya klinyotere, ya volti 12 na wati 21, yenye waya mbili ndefu. Lampi hii inashinda multimetri kwa jambo moja. Waya iliyobaki na uzi mmoja wa shaba itaonyesha volti 12 kwenye multimetri, nawe utasema ni nzima. Lakini lampi inavuta umeme kweli. Waya ikiwa mbovu, lampi itawaka kidogo kama mshumaa, ao haitawaka. Angalisho moja: lampi kubwa hii ni ya waya za vantilatere. Musiitie kwenye waya za kompyuta ya moteri, wala kwenye fishi za manjano, ambazo mara nyingi ni za erbagi.

Cha pili ni multimetri ya bei ndogo, ile ya sokoni. Cha tatu ni waya mbili nene zenye fizibile ya ampere 20 katikati ya moja. Cha nne ni karatasi ya daftari. Mtaona kazi yake.

Njia ya umeme

Mbele ya kugusa kitu, fundi wetu alichora njia ya umeme kwa kidole juu ya vumbi ya kapo. Umeme unatoka batri, unapita kwenye fizibile, unaingia kwenye rele, unatoka na kwenda kwenye moteri ndogo ya vantilatere, kisha unarudi kwenye masi, ndiyo chuma ya karosri, mpaka batri tena. Ni mzunguko. Ukikatika nafasi moja tu, vantilatere inasimama.

Rele ni mlango. Ndani yake kuko njia mbili: njia nene inayopitisha umeme wa vantilatere, na njia nyembamba ya amri, yenye bobini inayovuta mlango. Anayetoa amri ni termokontakti, kile kidude cha shaba kilichofungwa kwenye radiatere ao karibu na njia ya maji ya moteri, ambacho kinasikia joto la maji. Musikichanganye na kile kinachopeleka joto kwenye mshale wa tablo. Viko vidude mbalimbali, kila kimoja na kazi yake, na mara nyingi watu wananunua kile kisichohitajiwa.

Sasa musikie vizuri, juu ndipo fundi wa pili alipopotea.

Kwenye motokari nyingi za Ulaya za zamani, kama Volkswagen, termokontakti iko wazi wakati maji ni baridi, na inafunga mzunguko wakati maji ni moto, karibu na digri 92 mpaka 97. Ukitoa fishi yake na kuunganisha waya zake mbili, ndiko kufanya shunti, vantilatere inageuka. Isipogeuka, ugonjwa uko mahali pengine.

Kwenye Corolla hii ni kinyume. Wakati maji ni baridi, chini ya digri 83, termokontakti imefunga na kugusa masi. Amri inafika kwenye rele, rele inavuta mlango na kuufungua, vantilatere inalala. Maji yakipita digri 93, termokontakti inaachia, amri inakatika, mlango unarudi na kufunga njia, vantilatere inageuka. Wajapani walifanya hivyo kwa akili: waya ya amri ikikatika njiani, vantilatere itageuka wakati wote. Utasikia makelele, lakini moteri haitaungua.

Fundi wa pili alitoa fishi ya termokontakti na kuigusisha kwenye masi, sawa vile alivyozoea. Kwenye Corolla, kufanya vile ni kuiambia vantilatere ilale! Haikugeuka, naye akasema imekufa. Hatumtukani. Alijua kazi yake, lakini alijua ya motokari ingine.

Tulivyopima

Asubuhi, moteri ikiwa baridi, tulijaza maji, tukatazama kifuniko na kuruwa. Mafuta ya moteri hayakuwa na rangi ya maziwa. Tukawasha, radiatere ikiwa wazi: mapovu ya kupanda bila kuisha hayakuwa, moshi mweupe kwa nyuma haukuwa. Hizi ndizo dalili za joini ya kulasi, na hatukuziona. Tulifunga kifuniko, tukaacha moteri igeuke pale pale kwa muda wa robo saa. Mshale ulipita nusu na kuendelea kupanda. Vantilatere kimya. Tulizima moteri, tukarudisha ufunguo kwenye kontakti bila kuwasha.

Jaribio la kwanza: tulitoa fishi ya termokontakti. Kwenye Corolla hii vantilatere ilipaswa kugeuka palepale. Kama ingegeuka, tungesema waya zote na rele ni nzima, na mwenye kosa ni termokontakti, ama maji hayaifikii juu yamepunguka. Haikugeuka. Tukaacha fishi nje, tukaendelea.

Jaribio la pili: moteri ndogo yenyewe. Tulitoa fishi yake, tukaipa umeme wa batri moja kwa moja kwa zile waya mbili zenye fizibile. Iligeuka kwa nguvu. Tukaweka karatasi ya daftari mbele ya radiatere: ilivutwa na kubaki imenata. Ndiyo inavyotakiwa. Kama karatasi ingesukumwa, waya zimegeuzwa, na vantilatere inapuliza upepo kinyume cha njia.

Basi moteri ndogo ilikuwa nzima. Mama wa nyumba, aliyekuwa anatutazama toka kwenye mlango, aliingia ndani bila kusema neno. Alitoka na ile vantilatere ya zamani, waliyoambiwa imekufa, imefungwa ndani ya mfuko wa unga. Tuliitia kwenye batri. Nayo iligeuka. Hakuna mtu aliyecheka. Mama alisema tu: "Ile pesa ilikuwa ya mineriva ya mutoto wa pili."

Jaribio la tatu: tuliweka lampi kwenye fishi ya vantilatere, ufunguo ukiwa kwenye kontakti. Giza. Ni upande gani unaokosa? Tuliunga mguu mmoja wa lampi kwenye plus ya batri na mwingine kwenye waya ya masi ya vantilatere: iliwaka vizuri. Masi ni nzima. Kinachokosa ni umeme wa kuja.

Jaribio la nne: fizibile. Kwenye Corolla hii ni ile ya ampere 30 yenye kuandikwa RDI FAN. Tulipima pande mbili, na lampi iliwaka kote kuwili. Musitosheke na kutazama fizibile kwa macho, inaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni.

Jaribio la tano: rele. Tuliing'oa. Kwenye nafasi yake lampi ilionyesha umeme umefika pale. Rele yenyewe tuliipima na multimetri: ikiwa imepumzika, mlango wake wa nene umefunga, sawa vile inavyotakiwa. Kila kitu kizima, na vantilatere haigeuki! Hapo ndipo mtu anachoka na kusema "tununue moteri". Lakini fundi wetu alisema: "Kama mlango ni muzima na haufunge, kuko mutu anaushikilia."

Jaribio la sita: tuliunga lampi kati ya plus ya batri na waya ya amri, kwenye nafasi ya rele. Termokontakti tuliishaichomoa, kwa hiyo waya ile haikupaswa kugusa kitu. Lampi ilipaswa kuwa giza.

Iliwaka.

Waya ya amri ilikuwa inagusa masi mahali fulani njiani. Kwa rele ilikuwa sawa na termokontakti yenye kusema kila wakati: maji ni baridi, lala. Tuliifuata waya kwa vidole, toka termokontakti, chini ya batri, nyuma ya chuma inayoshika radiatere. Pale kwenye kona ya chuma, mtikisiko wa njia za latelite ulikuwa umekula plastiki ya waya, na shaba ilikuwa inang'aa, imelala juu ya chuma. Kipande kilichoharibika hakikupita urefu wa kidole.

Tulikata, tukaunga kipande kipya, tukafunga skochi ya umeme mara mbili, tukaivalisha kipande cha dirita ya zamani, na kuifunga mbali na kona. Tukarudisha fishi na rele, tukawasha. Mshale ulipanda mpaka nusu. Mara: vuuu! Vantilatere ilianza. Kisha muda kidogo ikasimama. Kisha ikaanza tena. Tulibaki pale mpaka tuhesabu mara tano.

Magonjwa mengine tunayokutana nayo

Si kila motokari itakuwa na ugonjwa ule. Haya ndiyo mengine.

Fishi iliyoungua. Vantilatere ya motokari ndogo inavuta karibu ampere 7 mpaka 10 ikigeuka, na zaidi sana wakati wa kuanza. Fishi yenye vumbi na kutu ya kijani inapata joto, plastiki inayeyuka, umeme unapunguka. Pima na multimetri vantilatere ikiwa inageuka: mguu mmoja kwenye masi ya vantilatere, mwingine kwenye minus ya batri. Ukipata zaidi ya nusu volti, masi ni mbaya. Kwangua chuma mpaka ing'ae, kaza, pakaa grisi.

Makaa ya moteri ndogo, yale mafundi wanaita sharbo. Yakiisha, vantilatere inageuka leo na kukataa kesho. Dalili yake: ukiigonga kidogo na mti wa nyundo, inaanza. Hapo kweli moteri ndogo imechoka.

Vantilatere nzito. Zima yote, uigeuze kwa mkono. Ikikwama ao ikilia, itavuta umeme mwingi na kukata fizibile kila mara.

Na hapa tunaomba muwe wakali. Fizibile ikikatika mara mbili, ni alama ya ugonjwa. Musitie ya ampere kubwa zaidi, wala uzi wa shaba, wala karatasi ya sigara. Sisi ni watu wa shaba, tunaichimba kila siku. Lakini shaba mahali pa fizibile ni moto ndani ya kapo, na abiria wako ndani.

Kwenye motokari yenye klima, rele zinakuwa mbili ao tatu na vantilatere mbili. Kwenye nyingi, ukiwasha klima, vantilatere inapaswa kugeuka. Kama inageuka kwa klima na inakataa kwa joto, moteri ndogo si mgonjwa.

Kwenye motokari mpya zaidi, termokontakti haiko tena. Kompyuta ya moteri inasoma joto na yenyewe inatoa amri kwa rele. Pale, fundi mwenye skana atasoma kodi. P0480, kwa mfano, inasema kuko kosa kwenye amri ya vantilatere ya kwanza. Lakini kodi inaonyesha mtaa, haionyeshi nyumba. Hata akiwa na skana, fundi apime fizibile, rele, masi na waya kama tulivyofanya.

Dawa za uongo

Ya kwanza ni "kutia en direct": waya moja toka kontakti mpaka vantilatere, igeuke siku nzima. Kwa kufika nyumbani jioni moja, sawa. Kwa kuiacha miezi, bila rele wala fizibile, waya nyembamba ile itayeyuka.

Ya pili ni kitufe cha kuwasha kwa mkono. Shofere wa taksi anatazama njia, abiria na polisi wa barabara. Siku atakayosahau kitufe ndiyo siku ya kulasi kupindika.

Ya tatu ni kutoa termostati. Watu wanafikiri maji yatapita vizuri. Lakini kama vantilatere haigeuki, kutoa termostati hakuleti upepo. Na kwenye njia kubwa, zaidi asubuhi za baridi ya mwezi wa sita na wa saba, moteri inabaki baridi na kunywa mafuta mengi. Mwenzetu alinunua termostati mpya, tukairudisha kwenye nafasi yake.

Tunawaomba nini

Hatusemi kila mtu akuwe fundi. Tunasema kila mwenye motokari ajue kuuliza. Ukienda garaji, simama karibu. Fundi akisema "hii kitu imekufa", mwambie kwa heshima: "Fundi, tuipime pamoja." Moteri ndogo, tuitie kwenye batri. Rele, tubadilishe na ya pembeni yenye namba sawa. Waya, tuweke lampi. Fundi mzuri hatakasirika. Mara nyingi atafurahi kuonyesha kazi yake. Yule anayekasirika juu ya lampi ya kupimia, chukua ufunguo wako.

Na mshale ukipita nafasi yake ya kila siku, shofere asimame. Asiseme "tutafika". Ile Corolla iliokoka juu yule kijana alikuwa anasimama kila mara, hata abiria walipomtukana. Angeendelea siku moja tu, leo tungekuwa tunaandika habari ya moteri iliyokufa kweli.

Sasa ile lampi ya klinyotere na waya zake mbili inalala ndani ya motokari, na mwenye kuitumia zaidi ni mama wa nyumba. Juma lililopita fundi mmoja alimwambia alternatere imekufa. Akatoa lampi. Alternatere ilikuwa nzima, ni waya ya batri iliyolegea.

Ile karatasi ya avansi ya dola 600, mwenzetu aliirudisha nyumbani bila saini ya delege. Katika miaka yetu yote ya sandika, ndiyo mara ya kwanza mfanyakazi alitushukuru juu tulikataa kusaini.